Mshahara wa Mkurugenzi kwa Kontrakta Mpya Uingereza: Mwongozo Kamili wa Mwaka wa Kodi 2026/27

Desemba iliyopita kijana mmoja wa Coventry alinipigia simu usiku. Alikuwa na miezi miwili tu tangu aache ajira, afungue kampuni yake ya limited na kuanza kufanya kazi za IT kwa mkataba. "Dada, najilipa pauni 758 kwa mwezi. Ni sawa?" Nikamuuliza hiyo 758 ameitoa wapi. Kumbe alipewa na rafiki yake aliyeanza ukontrakta miaka ya nyuma.

Niliitambua palepale. Zidisha 758 na senti zake mara miezi 12, unapata 9,100. Na 9,100 ilikuwa namba nzuri kweli hadi tarehe 5 Aprili 2025, kwa sababu kampuni ilikuwa haianzi kulipa mchango wa mwajiri wa National Insurance (bima ya taifa, yenye kujenga pensheni ya serikali) mpaka mshahara wa mtu uipite. Bajeti ya 30 Oktoba 2024 iliushusha mpaka huo hadi pauni 5,000 na kuupandisha mchango wenyewe kutoka asilimia 13.8 hadi 15, kuanzia 6 Aprili 2025. Leo anayejilipa 9,100 kwa mwaka mzima anaifanya kampuni yake itoe pauni 615 za mchango kwa ajili ya namba iliyokwisha kufa. Hayupo chini ya mstari, wala hajafika juu ambako kuna faida.

Nashika vitabu vya kampuni ndogo za watu wetu hapa Uingereza, na namba za kuazimana ndizo zinazoniumiza kuliko kitu kingine. Pauni 400 au 500 kwa mwaka ni ada ya shule ya mtoto wa ndugu yako. Nitakuonyesha namba inavyopatikana, ili uitafute yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa, na kwamba mkataba wako uko nje ya IR35

Anza na viza. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kuendesha biashara, na ukurugenzi wa kampuni yako mwenyewe umo humo humo. Mwenye viza ya Skilled Worker anafungwa na mwajiri aliyemdhamini. Asifungue kampuni ya kumwajiri kabla hajaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Mwenye viza ya Graduate anaweza kujiajiri, na mwenye ukaazi wa kudumu au uraia hana kizuizi.

Kisha IR35. Hii ni sheria iliyoanza mwaka 2000 kuwakamata watu wanaofanya kazi kama waajiriwa huku wakilipwa kupitia kampuni zao. Mteja akiwa taasisi ya umma, au kampuni ya binafsi ya kati au kubwa, yeye ndiye anayeamua kama uko ndani au nje, na lazima akupe uamuzi huo kwa maandishi. Mteja akiwa kampuni ndogo, uamuzi ni wako. Ukiwa ndani kwa uamuzi wa mteja, anayekulipa anakata kodi ya PAYE (ile inayokatwa kwenye mshahara kabla hujaupokea) na National Insurance kabla pesa haijafika kwenye kampuni, na hesabu zote za huku chini zinakosa kazi. Manesi wa zamu na madereva wa malori wengi wamo kwenye kundi hili. Omba uamuzi huo wa maandishi kabla hujasaini mkataba, wala usikubali kuambiwa "tutaona".

Hatua ya 2: Zijue njia za pesa kutoka kwenye kampuni kuja kwako

Pesa ya ankara ulizolipwa ni ya kampuni. Haiwi yako mpaka ipite kwenye njia halali, na njia za kawaida ni tatu.

Ya kwanza ni mshahara. Kwa kampuni ni gharama, kwa hiyo unapunguza faida na kodi ya kampuni. Lakini unavuta kodi ya mapato, mchango wako wa National Insurance na mchango wa mwajiri, na katika kampuni ya mtu mmoja mwajiri ni wewe pia.

Ya pili ni gawio, yaani sehemu ya faida anayopewa mwenye hisa. Hili hutolewa kwenye faida iliyobaki baada ya kodi ya kampuni, ambayo ni asilimia 19 kwa faida isiyozidi pauni 50,000. Faida ikizidi 250,000 kodi ni asilimia 25. Katikati ya hapo kuna nafuu ya mpito, na kila pauni ya ziada huliwa asilimia 26.5. Gawio halina National Insurance hata kidogo. Pauni 500 za kwanza hazitozwi kodi. Zinazofuata, ukiwa kwenye ngazi ya kawaida, hutozwa asilimia 10.75, na ukipita mapato ya 50,270 hutozwa 35.75. Hadi 5 Aprili 2026 viwango hivyo vilikuwa 8.75 na 33.75. Ukisoma makala yenye viwango hivyo vya zamani, kanuni zake zinaweza kuwa sahihi, ila jumla zimepitwa na wakati.

Ya tatu ni kampuni kukuchangia pensheni ya binafsi moja kwa moja. Haina National Insurance, inapunguza kodi ya kampuni, na ukomo wa kawaida ni pauni 60,000 kwa mwaka. Ubaya wake ni kwamba pesa inafungwa mpaka ufike umri wa kuichukua. Kwa aliye na nyumba ya kumalizia Bagamoyo au Kilifi, hilo si dogo.

Hatua ya 3: Ijue mistari mitatu

Mjadala wote wa mshahara wa mkurugenzi uko kwenye namba tatu.

Pauni 5,000. Juu ya hapa kampuni inalipa mchango wa mwajiri wa asilimia 15.

Pauni 6,708. Mshahara ukifika hapa, mwaka wako unahesabiwa kwenye pensheni ya serikali. Chini ya hapa, mwaka huo ni pengo.

Pauni 12,570. Hadi hapa hulipi kodi ya mapato, wala mchango wako wa mwajiriwa wa asilimia 8 haujaanza. Juu ya hapa vyote viwili vinaamka pamoja.

Huo mstari wa kati niueleze vizuri, maana watu wetu wengi wanaupuuza. Pensheni ya serikali inataka angalau miaka 10 ya michango ndipo upate chochote, na aliyeanza kuchangia baada ya Aprili 2016 anahitaji miaka 35 kupata kiwango kamili, ambacho mwaka huu ni pauni 241.30 kwa wiki. Uzuri ni kwamba ukijilipa kati ya 6,708 na 12,570 mwaka unahesabiwa ingawa hukatwi hata peni moja ya mchango wako. Zamani aliyerudi nyumbani aliweza kuziba mapengo kwa kulipia mchango wa hiari wa daraja la pili (Class 2), wa bei rahisi, akiwa nje ya nchi. Mlango huo ulifungwa 6 Aprili 2026. Limebaki daraja la tatu, linalozidi pauni 900 kwa mwaka mmoja, tena kwa masharti makali zaidi ya miaka uliyoishi au kuchangia hapa. Kwa hiyo mwaka unaoupata ukiwa hapa, kupitia mshahara wako mwenyewe, una thamani kubwa kuliko miaka michache iliyopita.

Na kwa mwenye mpango wa kustaafu nyumbani: pensheni hiyo italipwa hata ukiwa Kenya au Tanzania, ila haitapanda. Kiwango utakachoanza nacho ndicho utakachobaki nacho, kwa sababu nchi zetu hazimo kwenye orodha ya zile ambako inaongezwa kila mwaka. Ndiyo maana kuanza na miaka mingi kuna maana kubwa kwetu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kampuni yako

Tuchukue kampuni ya mtu mmoja, mkurugenzi ndiye mfanyakazi pekee, hana ajira nyingine, ameanza 6 Aprili. Baada ya gharama zote isipokuwa mshahara wake, imebaki faida ya pauni 45,000, na anataka kuitoa yote. Peni nimeziacha.

Akijilipa 5,000: hakuna mchango wa mwajiri. Faida inabaki 40,000, kodi ya kampuni 7,600, gawio 32,400. Kodi ya gawio ni 2,615. Mkononi anabaki na 34,785, na mwaka wake wa pensheni umepotea.

Akijilipa 6,708: mchango wa mwajiri 256, kodi ya kampuni 7,227, gawio 30,809, kodi ya gawio 2,628. Mkononi 34,889, na mwaka wa pensheni ameupata.

Akijilipa 12,570: mchango wa mwajiri 1,135.50, kodi ya kampuni 5,946, gawio 25,348, kodi ya gawio 2,671. Mkononi 35,247, na mwaka wa pensheni ameupata.

Watu huiona ile 1,135.50 wakashtuka, wakakimbilia 5,000. Lakini angalia inachofanya. Ukitoka 5,000 kwenda 12,570, gharama za kampuni zinaongezeka kwa mshahara wa ziada wa 7,570 pamoja na mchango wa 1,135.50, jumla 8,705.50. Asilimia 19 ya hiyo ni pauni 1,654 za kodi ya kampuni ambazo hazilipwi tena. Umetoa 1,135 ukaokoa 1,654. Na kama faida yako iko juu ya 50,000, ambako kila pauni huliwa 26.5, unachookoa ni 2,307. Kadiri faida inavyopanda, ndivyo 12,570 inavyozidi kushinda.

Kwa nini basi usiendelee kupanda, ujilipe 20,000? Chukua pauni 1,000 ya kampuni. Ukitaka ikufikie kama mshahara juu ya 12,570, kwanza toa mchango wa mwajiri, unabaki mshahara wa 869.57. Toa kodi asilimia 20 na mchango wako asilimia 8, zinakufikia pauni 626. Pauni 1,000 hiyohiyo ikipita kama gawio: toa 190 za kodi ya kampuni, kisha asilimia 10.75 ya zilizobaki, zinakufikia karibu 723. Pauni 97 za tofauti kwenye kila 1,000.

Kwa hiyo, kwa kampuni ya mtu mmoja yenye faida ya kutosha, jibu langu ni 12,570 kwa mwaka, yaani 1,047.50 kwa mwezi. Simung'unyi maneno hapo. Shida ni kwamba kontrakta mpya, hasa mwaka wake wa kwanza, mara nyingi hayuko kwenye hali hiyo.

Hatua ya 5: Angalia kama hali yako inalibadilisha jibu

*Umeanza katikati ya mwaka.* Hapa ndipo wapya wengi wanapoumia, na kijana wa Coventry alikuwa hapa. National Insurance ya mkurugenzi huhesabiwa kwa mwaka mzima, si kwa mwezi kama ya mfanyakazi wa kawaida. Lakini ukiteuliwa mwaka ukiwa umeshaanza, mistari inakatwa kulingana na wiki zilizobaki hadi 5 Aprili, ukihesabu na wiki ya uteuzi. Yeye aliteuliwa 6 Oktoba, wiki 26 zilikuwa zimebaki. Mstari wake wa 5,000 ukawa 2,500, na ule wa 12,570 wa National Insurance ukawa 6,285. Angejilipa 12,570 yote ndani ya miezi sita akidhani yuko salama, angedaiwa mchango wake wa asilimia 8 juu ya 6,285 ya ziada, yaani pauni 502.80, achilia mbali wa mwajiri.

Angalia vizuri lakini: kiwango kisichotozwa kodi ya mapato hakikatwi. Hicho ni 12,570 kwa mwaka hata ukianza Februari. Ila ni kimoja tu, na kama ulikuwa umeajiriwa tangu Aprili, huenda mwajiri wa zamani ameshakitumia chote. Yeye alikuwa nacho? Nilimwomba P45 yake, ile hati anayopewa anayeacha kazi: alishalipwa zaidi ya 18,000 kabla ya kuacha. Kilikuwa kimekwisha.

Na mwaka wa pensheni nao haukatwi. Kinachotakiwa ni kiwango cha mwaka mzima, ila mshahara wa ajira ya kabla unajumlishwa. Yeye alikuwa ameshaupata kwa mwajiri wa zamani, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuufuata tena kwa kampuni.

*Una ajira nyingine.* Tuseme wewe ni nesi wa kudumu, unalipwa 35,000 hospitalini, na kampuni ni ya kazi za pembeni. Kiwango chako kisichotozwa kodi kimeliwa na ajira, kwa hiyo mshahara wa kampuni unakatwa asilimia 20 tangu pauni ya kwanza. Wengi wanaamua kutojilipa mshahara kabisa. Wanakosea. Mistari ya National Insurance huhesabiwa kwa kila mwajiri peke yake, na kampuni yako ina 5,000 yake isiyoguswa. Ukijilipa hiyo 5,000 kama mshahara, unabaki na 4,000. Ukiipitisha kama gawio, baada ya kodi mbili unabaki na karibu 3,615. Juu ya 5,000 mizani inageuka na gawio linashinda. Kwa mwenye ajira nyingine, basi, namba ni 5,000.

*Mko wawili.* Kuna nafuu iitwayo Employment Allowance inayofuta hadi pauni 10,500 za mchango wa mwajiri kwa mwaka. Kampuni ambayo mkurugenzi mmoja ndiye pekee anayelipwa juu ya mstari wa 5,000 haiipati. Wakiwa wawili, mke na mume kwa mfano, wote wakilipwa juu ya mstari huo, inapatikana. Kila mmoja akichukua 12,570, mchango wa 2,271 unafutika wote. Lakini mwenzako awe anafanya kazi kweli, mshahara ulingane na kazi hiyo, na pesa ziingie kwenye akaunti yake. Nimeona familia ikimwandikisha mama mzee aliye Mombasa kama mfanyakazi wa ofisi. Hilo si mpango wa kodi, ni uongo, na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wanajua kuuliza maswali.

Jambo moja hapa bado halijaenea. Tangu gawio lipande hadi 10.75, kampuni yenye nafuu hiyo na yenye faida kati ya 50,000 na 250,000 inaweza kupata zaidi kwa kulipa mshahara juu ya 12,570, mpaka nafuu imalizike. Pauni 1,000 ya mshahara isiyo na mchango wa mwajiri inakuachia 720. Kama gawio, baada ya 26.5 na 10.75, inakuachia 656. Ukiwa kwenye hali hiyo, mwombe mhasibu wako akupigie hesabu zote mbili kwa maandishi.

*Faida ni ndogo.* Hesabu ya 12,570 inategemea kuwepo kodi ya kampuni ya kuokoa. Kama mkataba wa kwanza umechelewa na mwaka utaishia na faida ya pauni chache, ule mchango wa 1,135.50 unalipwa taslimu huku hakuna kinachookolewa mwaka huo. Anza na 5,000 au 6,708, utapandisha mambo yakitengemaa.

*Unaishi Uskoti.* Ngazi za kodi ya mshahara ni tofauti huko, ila 12,570 ni ileile, National Insurance ni ileile, na gawio linatozwa viwango vya Uingereza nzima. Kwa mshahara wa kiwango hiki, hubadilishi kitu.

Hatua ya 6: Jisajili na uendeshe peiroli

Sajili kampuni kama mwajiri kwa HMRC kabla ya siku ya kwanza ya malipo. Hukubaliwi mapema zaidi ya miezi miwili kabla. Utapewa namba ya PAYE. Programu ya kuendeshea si lazima ununue: HMRC wanatoa Basic PAYE Tools bure kwa mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 10. Unapojiingiza mle, weka alama kwamba wewe ni mkurugenzi, na andika tarehe ya kuteuliwa. Usipoweka, programu itakuhesabu kama mfanyakazi wa kawaida, na hesabu ya wiki niliyoeleza haitafanyika.

Kila unapojilipa, tuma kwa HMRC taarifa ya FPS, yaani ripoti ya malipo ya mshahara, siku hiyo au kabla yake. Ukijilipa 1,047.50 kwa mwezi kuanzia Aprili, usishangae kuona miezi minne ya mwanzo hakuna mchango wowote. Mwezi wa tano jumla yako inafika 5,237.50, inavuka mstari, na kampuni inadaiwa pauni 35.63. Kuanzia mwezi wa sita ni 157.13 kila mwezi hadi mwisho. Jumla yake ni ileile 1,135.50. Mteja wangu mmoja aliiona miezi minne ya sifuri akadhani hadaiwi chochote, akaisahau. Wewe iandike kwenye kalenda.

Malipo kwa njia ya benki yanatakiwa yawe yamefika tarehe 22 ya mwezi. Kama wastani wa deni ni chini ya 1,500 kwa mwezi, na lako litakuwa chini ya hapo, unaruhusiwa kulipa kila robo mwaka.

Usijiandikie mkataba wa ajira. Mkurugenzi asiye na mkataba wa ajira habanwi na sheria ya kima cha chini cha mshahara, ambacho kwa wenye miaka 21 na zaidi sasa ni pauni 12.71 kwa saa. Ukijiandikia mkataba wa saa 37.5 kwa wiki, kwa mwaka unadaiwa kujilipa zaidi ya 24,000, na mpango wote unavunjika.

Na kama kampuni ni wewe peke yako, huna wajibu wa kujiandikisha kwenye pensheni ya kazini.

Hatua ya 7: Toa gawio kwa utaratibu

Gawio hutoka kwenye faida, halitoki kwenye salio la benki. Akaunti inaweza kuwa na 20,000, lakini ndani yake kuna VAT, kuna kodi ya kampuni, kuna ankara za watu. Kabla ya kila gawio andaa hesabu fupi ya faida iliyopo baada ya kodi, andika muhtasari wa kikao cha wakurugenzi hata kama mkurugenzi ni mmoja, na toa hati ya gawio yenye tarehe, jina la mwenye hisa na kiasi. Ni dakika 10. Bila karatasi hizo, HMRC wanaweza kusema pesa ile ilikuwa mshahara au mkopo.

Hapa niseme na moyo wangu, kwa sababu naijua hali yetu. Simu inaingia usiku: kuna msiba nyumbani. Tiketi ya kesho ni pauni 900, mazishi yanahitaji mchango, na kadi iliyo karibu ni ya kampuni. Hakuna atakayekulaumu. Lakini kilichotokea kisheria ni kwamba umekopa kwa kampuni, na kiandikwe hivyo siku hiyohiyo. Ukirudisha, au ukitangaza gawio halali la kuufuta mkopo, ndani ya miezi 9 na siku moja baada ya mwaka wa hesabu wa kampuni kuisha, yamekwisha. Ukiuacha, kampuni inatozwa asilimia 35.75 ya kiasi kilichobaki. Kodi hiyo hurudishwa mkopo ukishalipwa, ila inachukua muda mrefu. Na deni likizidi pauni 10,000 wakati wowote bila riba, linakuwa marupurupu yanayotozwa kodi.

Hatua ya 8: Tenga pesa za kodi kabla hujazizoea

Fungua akaunti ya pili ya kampuni. Kila ankara ikilipwa, hamishia humo VAT yote, kisha asilimia 19 ya kinachokadiriwa kuwa faida, au 25 kama unatazamia kupita 50,000. Kodi ya kampuni hulipwa miezi 9 na siku moja baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Ni muda mrefu, na ndiyo sababu watu huila.

Kodi ya gawio ni yako wewe, si ya kampuni, na haikatwi mahali popote njiani. Kwa gawio la mwaka 2026/27, jisajili Self Assessment (utaratibu wa kujikadiria kodi mwenyewe) kabla ya 5 Oktoba 2027, peleka ritani na ulipe kabla ya 31 Januari 2028. Na hapa kuna mtego wa mwaka wa kwanza. Deni likiwa zaidi ya 1,000, na zaidi ya asilimia 20 ya kodi yako haikatwi kwenye mshahara, siku hiyohiyo unadaiwa pia nusu ya mwaka unaofuata kama malipo ya awali, na nusu nyingine 31 Julai. Yule mkurugenzi wa mfano wetu mwenye kodi ya gawio ya 2,671 ataombwa karibu pauni 4,007 Januari, na 1,336 Julai. Kila anapopokea gawio atenge asilimia 16 na si 10.75, naye Januari itamkuta yuko tayari.

Kabla hujaamua, fikiria karatasi utakazoombwa

Mshahara mdogo unaonekana mdogo kwa kila anayeusoma. Benki nyingi za mikopo ya nyumba huangalia mshahara na gawio kwa pamoja, lakini zinataka hesabu za kampuni, mara nyingi za miaka miwili. Unayemleta mwenza wako, kigezo cha mapato kwa viza ya mwenza ni pauni 29,000, na mkurugenzi wa kampuni yake mwenyewe huweza kuhesabiwa mshahara na gawio, ila kwa mwaka wa hesabu wa kampuni uliokamilika, pamoja na lundo la vielelezo. Anayepanga kuomba ndani ya mwaka wa kwanza wa kampuni aongee na mwanasheria kabla ya kuacha ajira, maana huenda huo mwaka bado haujakamilika.

Kijana wa Coventry tulimaliza hivi. Kiwango chake kisichotozwa kodi kilikuwa kimeisha, mwaka wa pensheni ameshaupata, na wiki zake zilikuwa 26. Namba yake kwa miezi ile iliyobaki ilikuwa 2,500, si 9,100 wala 12,570. Alikuwa ameshajilipa 1,517. Tukapanga 983 zilizobaki zilipwe Januari hadi Machi, na nyingine zitoke kama gawio baada ya kuandaa hesabu. Tarehe 6 Aprili 2026 alianza mwaka mzima wa kwanza, bila ajira nyingine, akiwa na mkataba ulio nje ya IR35. Peiroli yake sasa inasoma 1,047.50.

Na tarehe ya kuteuliwa kwake, ambayo hakuwa ameiweka kwenye programu, tuliiingiza usiku uleule tukiwa bado kwenye simu.